Jinsi ya Kupima Lugha ya Mwombaji Kazi Anayetumia Lugha Isiyo Yake ya Kwanza: Mwongozo kwa Waajiri wa Nyanda za Juu Kusini

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya waajiri wadogo na wa kati wa Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa, kwa sababu maswali ya wanaoajiri kwa mara ya kwanza ni yale yale kila msimu. Je, nimkatae kijana wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka upande wa Zambia, kwa kuwa Kiswahili chake kimechanganyika na Kibemba? Je, mama wa Makete aliyezoea Kikinga anaweza kusimamia meza ya kuchambua parachichi? Je, mtu wa mapokezi pale Iringa mjini anahitaji Kiingereza cha kiwango gani, ikiwa sehemu ya wageni wake wanaelekea Hifadhi ya Taifa ya Ruaha? Wengi hujibu maswali haya kwa kumsikiliza mwombaji akijitambulisha kwa dakika mbili, kisha wanaamua. Njia hiyo ni ya haraka, lakini mara nyingi humpata mtu anayejua kujieleza na kumwacha anayeiweza kazi.

Ninachopendekeza ni tofauti: pima lugha ambayo kazi yenyewe inaidai, na uipime kwa kutumia kazi hiyo hiyo. Katika mikoa yetu jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa wengi wetu, hasa tuliokulia vijijini, tulianza na Kinyakyusa, Kisafwa, Kinyiha, Kindali, Kisangu, Kihehe, Kibena, Kikinga au Kipangwa, na Kiswahili tukakutana nacho vizuri shuleni. Mwajiri anayedai "Kiswahili cha kuzaliwa nacho" hapa Mbeya huenda yeye mwenyewe asingepita usaili wake.

Kabla ya kuanza, andaa vitu hivi

Kwanza, kusanya nyaraka halisi za kazi unayoajiria: hati ya kupokelea mzigo, kitabu cha zamu, fomu ya kuripoti ajali, kibandiko cha dawa ya kupulizia, ankara au menyu. Ziwe zimetumika, zenye mwandiko wa watu wenu, na ufiche majina na bei. Pili, mpate mtu anayeifanya kazi hiyo sasa, au aliyeifanya karibuni, akupe sehemu ya zamu yake. Tatu, wawepo wasaili wawili. Nne, andaa karatasi ya alama iliyokamilika kabla mwombaji wa kwanza hajaingia. Tano, mfahamu mtu anayeijua lugha ya kwanza ya mwombaji, hata kama atapatikana kwa simu tu, kwa sababu utamhitaji wakati wa kueleza mkataba. Mwisho, tenga nusu saa hadi dakika 40 kwa kila mwombaji. Chini ya hapo utarudi kwenye mazoea ya kusikiliza lafudhi.

Hatua ya 1: Orodhesha matukio ya lugha yaliyomo kwenye kazi

Keti na mtu anayeifanya kazi hiyo, na uandike kila mara anaposikia, anaposema, anaposoma au anapoandika jambo ambalo likikosewa kazi inaharibika. Usiandike sifa kama "awe na lugha nzuri". Andika tukio.

Chukua mfano wa karani anayepokea parachichi kwenye kituo cha kufungashia mkoani Njombe. Anamsikiliza dereva akitaja shamba lililotoa mzigo na idadi ya kreti. Anasoma mzani. Anaandika kilo na jina la mkulima kwenye mstari sahihi. Anampigia msimamizi simu gari likichelewa. Kisha linakuja tukio ambalo hakuna tangazo linalolitaja: anamweleza mkulima kwamba sehemu ya matunda yake imekataliwa kwa kuwa ni madogo mno au yameungua na jua, na mkulima huyo amesimama mbele yake na hasira zake, akiamini kwamba anaibiwa. Matukio manne ya kwanza yanahitaji Kiswahili cha kawaida tu pamoja na umakini. Hilo la tano linahitaji mtu anayeweza kueleza sababu, kusikiliza lawama, kurudia sababu ile ile kwa maneno mengine na kubaki na adabu. Ukishaliona hilo, unajua mahali pa kuelekeza jaribio lako.

Sasa linganisha na mchambuaji anayesimama mezani katika kituo hicho hicho. Anahitaji kuelewa maelekezo machache yanayojirudia, namba za madaraja ya matunda na sauti ya hatari mashine ikisimama. Kumdai mchambuaji Kiswahili fasaha ni kujinyima wachapakazi bila sababu.

Mfano wa tatu ni msaidizi wa wakala wa forodha pale Tunduma. Hapo mizani inageuka, kwa sababu mwombaji ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili anaweza kuwa na thamani kuliko fasaha wa Dar es Salaam. Kinyamwanga kinazungumzwa pande zote mbili za mpaka, madereva wa Zambia wengi wanajua Kibemba, na Kiingereza ndiyo lugha rasmi ya nchi yao. Upande wa Kyela nako, Kinyakyusa na Kingonde cha Karonga, Malawi, vinakaribiana kiasi kwamba mtu wa Kasumulu huongea na mwenzake wa ng'ambo ya mto Songwe bila mkalimani. Kwa hiyo orodhesha pia lugha ambazo kazi itafaidika nazo, hata kama wewe mwajiri huzijui.

Hatua ya 2: Weka kiwango kwa kila ujuzi peke yake

Kusikia, kusema, kusoma na kuandika ni ujuzi wa aina nne, na mtu mmoja anaweza kuwa hodari katika aina moja na dhaifu katika nyingine. Kwa kila tukio uliloorodhesha, amua kama mtu analihitaji siku ya kwanza, kama anaweza kulijifunza ndani ya miezi mitatu, au kama kazi hailihitaji kabisa. Alama hizo tatu zinatosha.

Utakutana na waombaji wenye vyeti vinavyotaja viwango vya A1 hadi C2. Huo ni mfumo wa Baraza la Ulaya uliochapishwa mwaka 2001, ambapo A1 ni mwanzo kabisa na C2 ni umahiri wa juu. Unafaa kukupa picha ya jumla, lakini hausemi kama mtu anaweza kuelewana na dereva aliyekasirika kwenye simu yenye mikwaruzo. Uuchukue kama taarifa, kisha uendelee na jaribio lako.

Angalizo: usipandishe kiwango kwa sababu tu waombaji ni wengi. Wapo wanaoongeza sharti la "Kiingereza fasaha" kwa mlinzi wa usiku ili wapunguze barua za kusoma. Sharti hilo halimtafuti mlinzi bora, na likihojiwa utashindwa kulitetea.

Hatua ya 3: Andika tangazo linalotaja kazi, na si asili ya mtu

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7, inakataza kumbagua mfanyakazi kwa misingi kadhaa, ikiwemo utaifa, kabila au mahali alikotoka na asili yake ya kijamii. Na kwa madhumuni ya kifungu hicho, mwombaji kazi naye anahesabiwa kuwa mfanyakazi. Lugha haikutajwa kwa jina kwenye orodha hiyo, lakini lugha ya mtu ni njia fupi sana ya kufika kwenye kabila lake, na mwajiri anayeandika "asiwe na lafudhi ya kikabila" amekwisha kufika huko. Sheria hiyo hiyo inaruhusu kumchagua mtu kwa kigezo ambacho ni hitaji la msingi la kazi. Ndiyo maana Hatua ya 1 ina faida hata mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi: ukiulizwa kwa nini ulihitaji ujuzi fulani wa lugha, unaonyesha tukio la kazi linaloudai.

Badala ya "awe na Kiswahili na Kiingereza fasaha", andika hivi: "Awe na uwezo wa kueleza kwa Kiswahili, ana kwa ana, sababu za mzigo kukataliwa, awe na uwezo wa kusoma hati za mzigo za Kiingereza. Kujua Kibemba au Kinyamwanga ni sifa ya ziada." Utashangaa jinsi barua zinavyobadilika. Watu wanaoiweza kazi wanajitambua, na wale waliokuwa wakituma barua kila mahali wanapungua.

Hatua ya 4: Piga simu fupi

Simu ya dakika tano kabla ya usaili inafaa kwa kazi zenye simu nyingi tu. Kwa mchambuaji au mpulizia dawa, iruke. Unapopiga, taja mambo matatu ambayo mwombaji atayahitaji, yaani siku, saa na mahali, kisha mwombe akurudishie kwa maneno yake.

Hapo kwenye saa kuna mtego. Waombaji wengi waliokulia Malawi au Zambia huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo "saa mbili asubuhi" kwao inaweza kuwa kitu kingine kabisa. Juu ya hayo, nchi za Zambia na Malawi, pamoja na upande wa Lubumbashi huko Kongo, ziko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, na mtu wa Nakonde anayevuka asubuhi kuja Tunduma anaweza kuwa na simu inayoonyesha saa ya upande wa pili. Andika kwenye ujumbe: "Saa 2:00 asubuhi kwa saa za Tanzania, yaani 08:00." Kuchelewa kulikosababishwa na jambo hili kusihesabiwe kuwa uzembe.

Hatua ya 5: Fanya jaribio la kazi

Hapa ndipo muda wako mwingi unapaswa kwenda. Jaribio lina sehemu nne, na mwombaji apite zile tu ambazo kazi yake inazidai.

Sehemu ya kwanza ni kupokea maelekezo. Mpe maelekezo ya hatua tatu au nne kwa mwendo wako wa kawaida, kisha umwombe ayatekeleze au ayaonyeshe. Usimwulize kama ameelewa. Kila mtu huitikia "ndiyo" mbele ya mwajiri, na katika malezi yetu kumwambia mkubwa "sijakuelewa" huhesabiwa na wengi kuwa utovu wa adabu. Mwambie: "Nionyeshe utakavyoanza." Mikono yake itakujibu.

Sehemu ya pili ni kusoma. Kwa mtu atakayepulizia dawa shambani, chukua chupa tupu iliyosafishwa, yenye kibandiko chake, uiweke mezani. Mwombe akuonyeshe kiasi cha kuchanganya kwa bomba la lita 16, siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na ukanda wa rangi ulio chini ya kibandiko. Mwombaji mmoja atasoma sentensi nzima kwa sauti nzuri kama msoma habari wa redio, lakini ukimwuliza "kwa hiyo tukipulizia leo, tutavuna lini?" ananyamaza. Mwingine atasoma kwa kugugumia, kidole kikifuata herufi, kisha atahesabu siku kwenye vidole na kukutajia siku sahihi ya juma, na kuongeza kwamba ukanda mwekundu ni wa sumu kali kuliko wa njano, na kwamba bluu na kijani zina nafuu. Wa pili ndiye unayemhitaji, na usaili wa kujitambulisha ungemwacha nje.

Sehemu ya tatu ni namba. Taja kilo, idadi ya kreti, namba za gari na kiasi cha fedha, mwombaji aandike kwa tarakimu. Kisha mgeuze, yeye ataje na wewe uandike. Namba hupotea kwa urahisi mtu anapotumia lugha yake ya pili. Madereva na makarani wanaotoka upande wa Lubumbashi wanazungumza Kiswahili chao vizuri, lakini wengi huhesabu kwa Kifaransa, na wa Zambia na Malawi huhesabu kwa Kiingereza. Hilo si kosa. Ni jambo la kujua mapema, kabla "sabini" haijaandikwa "sitini" kwenye hati ya mzigo.

Sehemu ya nne ni mazungumzo magumu. Msaili mmoja awe mteja au mkulima mwenye malalamiko, kwa dakika tatu tu. Angalia kama mwombaji anaomba kurudiwa asiposikia, kama anathibitisha alichosikia, na kama ana njia ya kuzunguka neno asilolijua. Mtu asiyelijua neno "mzani" lakini akasema "ile mashine ya kupimia kilo" amefaulu. Aliyekaa kimya kwa kukosa neno moja ndiye atakayekupa shida.

Angalizo: usimsaili mtu wa kazi ya ghalani kwa kumwandikisha insha, na usitumie methali au misemo kumpima. Kujua methali ni jambo zuri, lakini halipakui gari.

Ikiwa lugha inayopimwa ni Kiingereza

Utaratibu ni ule ule, ukiwa na nyongeza moja. Usikitegemee cheti cha kidato cha nne kama kipimo cha Kiingereza cha kuzungumza. Shule nyingi za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili na sekondari hufundisha kwa Kiingereza, kwa hiyo mtu anaweza kufaulu mtihani wa kuandika bila kuwahi kupokea simu hata moja kwa Kiingereza. Kwa mtu wa mapokezi, jaribu matukio matano: kumkaribisha mgeni, kueleza bei na kilichomo, kueleza njia ya kufika Ruaha na hali ya barabara wakati wa mvua, kupokea lalamiko la maji ya moto, na kumwelekeza mgeni mgonjwa hospitalini. Sarufi isikusumbue maadamu mgeni atafika anakokwenda. Kumbuka pia kwamba wageni wengi kutoka Ulaya nao Kiingereza ni lugha yao ya pili. Mjerumani na Mholanzi hawatahesabu makosa ya mtu wako, wanachotaka ni aseme polepole na kwa uhakika.

Hatua ya 6: Toa alama kabla ya kujadiliana

Kila msaili ajaze karatasi yake kimya, kisha ndipo mlinganishe. Mkianza kwa mazungumzo, mwenye cheo kikubwa atasema "huyu Kiswahili chake hapana", na mwingine atafuta alama zake.

Lafudhi isipewe mstari kwenye karatasi ya alama. Kubadilisha "r" na "l", jambo tunalolisikia kila siku sokoni Mwanjelwa, au kuyavuta maneno kama watu wa Iringa, hakumzuii mtu kupokea mzigo wala kuhudumia meza. Swali pekee linaloruhusiwa ni hili: je, msikilizaji wa kawaida wa kazi hii alimwelewa? Kama alimwelewa, alama ni kamili. Kama hakumwelewa, andika tukio lenyewe na maneno yaliyopotea.

Hatua ya 7: Kamilisha mkataba na vibali

Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, na kama mfanyakazi hayaelewi maandishi hayo, mwajiri ahakikishe anaelezwa kwa namna anayoielewa. Waajiri wengi hawakijui kipengele hiki cha mwisho. Mkataba wa Kiingereza uliosainiwa na mtu asiyesoma Kiingereza ni chanzo cha migogoro inayoweza kuepukwa kwa saa moja ya maelezo. Mwite yule mtu uliyemwandaa anayeijua lugha ya mfanyakazi, msome kifungu kwa kifungu, kisha mfanyakazi arudie kwa maneno yake mambo haya: mshahara na siku ya kulipwa, saa za kazi, likizo, na namna mkataba unavyovunjwa. Mwandike mkalimani jina kwenye nakala ya mkataba, naye atie saini.

Kwa raia wa kigeni, lugha nzuri haiondoi hitaji la vibali. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inataka kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi, na kibali cha ukaazi hutolewa na Idara ya Uhamiaji. Mwajiri hutakiwa kuonyesha kwamba alijitahidi kumpata Mtanzania mwenye ujuzi huo, na awe na mpango wa kumrithisha Mtanzania kazi hiyo. Kibali hutolewa kwa muda usiozidi miezi 24, kisha huombewa upya. Watu wa mpakani, waliozoea kuvuka kwenda sokoni na kurudi, mara nyingi hudhani kwamba ajira nayo ni hivyo hivyo. Si hivyo, na anayeumia zaidi ni mfanyakazi.

Hatua ya 8: Panga mwezi wa kwanza

Mpe mfanyakazi mpya mwenzake mmoja wa kumwuliza, ambaye si msimamizi wake. Mpe pia karatasi moja yenye maneno ya kazi yanayotumika hapo, kwa sababu maneno ya kazini hayafundishwi darasani: hata Mswahili wa Tanga hatajua mnaita nini daraja la tunda lenu au aina ya kreti. Maneno 40 hadi 50 yanatosha kwa kazi nyingi. Alama za hatari ziwe na picha pamoja na maandishi, na zibandikwe pale hatari ilipo. Kuzibandika ofisini hakumsaidii aliye kwenye mashine.

Lipo jambo moja linalohitaji uamuzi wako mapema. Katika vituo vyetu vingi wafanyakazi karibu wote ni wa eneo moja, na mazungumzo huteleza yenyewe kuingia Kibena, Kihehe au Kinyakyusa. Kupiga marufuku lugha hizo ni kosa, maana watu wanafanya kazi wakiwa na furaha zaidi wanapoongea wanavyojua, na marufuku hiyo itawafanya wakuone kuwa adui. Lakini kuacha kila kitu kiende hivyo nako kuna hatari, kwa sababu onyo la mashine likitolewa kwa Kibena, mtu wa Ileje aliyesimama karibu hatasogea. Weka kanuni nyembamba: maelekezo ya usalama, makabidhiano ya zamu, redio za mawasiliano na mikutano ni kwa Kiswahili, mengine yote ni hiari ya watu.

Baada ya majuma manne, rudia sehemu moja au mbili za jaribio, zile ulizozitia alama kuwa "anaweza kujifunza". Ukiona hajasogea kabisa, chunguza kwanza kama kuna mtu anayezungumza naye.

Matatizo yanayojitokeza na namna ya kuyatatua

Mwombaji anakaa kimya au anajibu neno moja moja. Mara nyingi si lugha, ni heshima au woga. Mbadilishie msaili, awekwe mtu wa rika lake, na muanze kwa kumpa kitu mkononi cha kufanya. Kama kimya kinaendelea hata akiwa na kazi mkononi, andika alama unazoziona.

Anaongea vizuri, lakini anakwepa kusoma kwa kusema amesahau miwani. Huenda hajui kusoma, na anaona aibu. Usimfichue mbele ya watu. Angalia orodha yako: kama kazi haina kusoma siku ya kwanza, haikuhusu, kama inayo, mwambie faraghani na umfikirie kwa nafasi nyingine.

Mfanyakazi wa Kongo na wenzake hawaelewani ingawa wote wanasema Kiswahili. Tatizo huwa kwenye namba, majina ya hati na maneno ya malipo. Wakae pamoja kwa nusu saa na hati moja halisi, wakubaliane kila kipengele kinaitwaje hapo kazini, na namba zote ziandikwe kwa tarakimu.

Mteja analalamika kwamba "yule wenu haongei vizuri". Mwulize mteja ni jambo gani halikueleweka. Akilitaja, lishughulikie kama kosa lolote la kazi. Akishindwa kulitaja, anachokilalamikia ni lafudhi, nawe huna cha kurekebisha kwa mfanyakazi wako.

Wenzake wanamwiga na kumcheka. Hili huanza kama utani wa makabila, ambao kwetu una mahali pake na watu wake, lakini utani unahitaji pande mbili zinazocheka. Ukiona anayechekwa ameacha kuuliza maswali, usalama wa kazi umeshaguswa. Msimamizi aseme na wahusika mmoja mmoja, bila kuitisha mkutano wa kumtaja mfanyakazi mpya kama mfano.

Alifaulu jaribio, lakini kazini anakosea maelekezo ya simu. Simu huondoa midomo na mikono ambayo mtu wa lugha ya pili huitegemea kuelewa. Kwa miezi ya mwanzo, kila agizo la simu lenye namba lifuatwe na ujumbe mfupi wa maandishi, naye aujibu kwa kurudia namba hizo kabla gari halijaondoka.